Ndege Kabla ya Meli: Tathmini ya Upimaji wa Mvutano wa Ardhi kutoka Angani

Kati ya huduma zinazouzwa leo kwa nchi zinazotafuta mafuta na gesi baharini, upimaji wa mvutano wa ardhi kwa ndege ndio ninaoupa alama ya juu kwa ukanda wetu. Mwaka 2017 ndege ya kampuni ya Bell Geospace ilipima kitalu cha Pemba na Zanzibar kwa ajili ya RAK Gas, kampuni ya gesi ya Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu, na meli ya mitetemo, yaani ile inayopiga mshindo majini na kusikiliza mwangwi kutoka kwenye miamba, ikaja baadaye mwaka huohuo. Utaratibu huo wa kutanguliza ndege ndio ninaoutetea hapa.

Chombo chenyewe cha kupimia kinachobebwa na ndege kilibuniwa kwa ajili ya nyambizi za jeshi la majini la Marekani, kisha kikaruhusiwa kutumiwa kibiashara katika miaka ya 1990. Ndani yake mna visahani vitatu vinavyozunguka, kila kimoja kikibeba vihisi vinne vya mabadiliko ya mwendo, na kazi yake ni kuhisi tofauti ndogo mno za mvutano pale ndege inapopita juu ya mwamba mzito au mwepesi. Hesabu zake ni za uangalifu kiasi kwamba hata mafuta yanayopungua kwenye tangi la ndege lazima yazingatiwe. Jambo kubwa kwangu ni kwamba chombo hiki husikiliza tu: hakipigi mshindo wala hakitumbukizi kitu majini.

Linganisha na bunduki za hewa za meli ya mitetemo, ambazo hufyatua hewa iliyoshindiliwa kila baada ya sekunde 10 hadi 15, usiku na mchana, huku meli ikikokota nyaya zenye urefu wa kilomita kadhaa. Nyaya hizo zikiwa majini, mwenye dema au nyavu hana budi kuzitoa na kukaa mbali, na kwa anayekula alichovua jana, siku moja ya kukaa pwani si jambo dogo. Mwaka 2017 watafiti waliofanya jaribio katika maji ya Tasmania walikuta kuwa bunduki moja tu ya hewa iliua planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, hadi umbali wa kilomita 1.2, ilhali awali ilidhaniwa madhara hayavuki mita 10. Planktoni ndiyo chakula cha dagaa, na dagaa ndio chakula cha samaki wakubwa. Kwa hiyo ninapoona mistari ya meli, yaani njia inazopita ikipima, ikipunguzwa hata kwa robo tu, naiona riziki ya watu ikiokolewa.

Hata hivyo, mnunuzi asidanganywe kuwa ndege inaona mafuta. Inachoonyesha ni uzito wa miamba, yaani umbo la bonde la mashapo na mahali yanapokatwa na nyufa, na umbo moja la mvutano laweza kuelezwa kwa miamba ya aina zaidi ya moja. Pale Tundaua, Pemba, mafuta hujipenyeza yenyewe hadi juu ya ardhi, lakini kujua yametoka mwamba gani na yamenaswa wapi bado kunahitaji mitetemo, na hatimaye kisima. Kwa bahari ya kina kirefu ipo pia njia ya mawimbi ya umeme, iliyojaribiwa mara ya kwanza Angola mwaka 2000, ambayo hutofautisha maji ya chumvi na mafuta kwa jinsi yanavyopitisha umeme. Ni nzuri, ila kwenye maji ya kina kifupi vipimo vyake huchafuliwa na mawimbi yanayorudi kutoka hewani.

Kwa hiyo thamani ya huduma hii imo kwenye mkataba kuliko kwenye ndege. Ramani ya mvutano ikitolewa baada ya mistari ya meli kuchorwa, fedha zimepotea na bahari haikupata nafuu yoyote. Anayeinunua adai kwa maandishi kuwa meli itapita tu pale ramani ilipoonyesha bonde lenye matumaini, na kwamba kamati za wavuvi zitaiona ramani ya mistari hiyo kabla nanga haijang'olewa.