Kabambe niliyonunua Kondele

Kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe isiyo ya intaneti, niliinunua Kondele, hapa Kisumu, kwa shilingi 1,500. Betri inakaa siku nne, M-Pesa inafanya kazi bila intaneti, na stima ikipotea tochi yake inatosha. Vitufe ni vigumu. Ujumbe mrefu unachosha vidole.

Lakini sikufuata betri. Simu kubwa ilikuwa imeninyang'anya asubuhi zangu: kabla sijasema "asante Mungu", nilikuwa nimeshapitia picha za watu hamsini, na wivu umenijaa. Sasa naamka nasikia mama akikoroga uji, mwiko ukigonga sufuria, nami nasali nikiwa nimetulia kweli. Juzi kule Dunga, ufukweni mwa ziwa, nilimtazama mvuvi akikunjua wavu wake mpaka mwisho. Sikupiga picha. Nikashukuru, nikala samaki wangu, ngege, akiwa bado moto.