Malango ya Kugundua Mionzi Mipakani mwa Marekani: Yanafaa, Lakini Si Peke Yake

Lori la mizigo linaloingia Marekani kutoka Meksiko au Kanada hupita taratibu katikati ya nguzo mbili ndefu za lango la kugundua mionzi, na katika sekunde hizo chache mionzi inayotoka kwenye shehena huwa imekwisha kupimwa bila mtu kufungua kontena. Ndani ya nguzo mna mabamba ya plastiki maalumu, ambayo hutoa mmweko hafifu yanapopigwa na miale ya gama, pamoja na mirija ya gesi ya heli-3 inayonasa nyutroni. Plastiki hiyo ni ya bei nafuu, huvumilia jua na baridi, na foleni haisimami. Kwa kazi ya kuchuja malori mengi sijaona mtambo unaoifaa zaidi.

Udhaifu wa mtambo huu ni kwamba hupiga king'ora bila kusema umegundua nini. Vigae, mawe ya granaiti, mbolea ya potasiamu, udongo wa choo cha paka, na hata dereva aliyetoka kutibiwa kwa dawa zenye mionzi, vyote huuamsha, na kila mara afisa wa forodha hulazimika kulitoa lori kwenye foleni na kulipima upya kwa kifaa cha mkononi kinachotambua aina ya isotopu, yaani atomi hasa zinazotoa mionzi hiyo.

Serikali ya Marekani ilijaribu kuondoa kero hiyo. Mwaka 2006 ilizipa mikataba kampuni za Raytheon, Thermo na Canberra ili zitengeneze malango ambayo yangetaja isotopu papo hapo, lakini gharama ya kila lango ilizidi ile ya lango la plastiki zaidi ya mara mbili, wakaguzi wa serikali wakaona nafuu iliyopatikana ni ndogo, na mwaka 2011 mpango wa kuyasambaza ukaachwa. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa ulichelewa. (Heli-3 nayo iliadimika, kwa kuwa hutokana na tritiamu, hidrojeni yenye mionzi iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia, hivyo mitambo mipya hutumia boroni au lithiamu.)

Lisilovumilika ni mtu kuuziwa lango hili kama kinga kamili. Miale ya urani iliyorutubishwa, ambayo ni malighafi ya bomu la nyuklia, ni dhaifu, na urani hiyo ikifunikwa vizuri kwa madini ya risasi miale yake huzuiwa. Nchi inayotaka kununua itenge pia fedha za mashine ya eksirei, ambayo huonyesha risasi hiyo kama doa jeusi, na za kuwafundisha maafisa watakaolisoma doa hilo.