Toyota Passo au Toyota IST kwa milima ya Mbeya: ipi inabana mafuta?
Ukizunguka Mwanjelwa na Kabwe, hapa hapa mjini Mbeya, peke yako, Passo ya cc 996 inaishinda IST ya cc 1,298 bila ubishi: ni nyepesi, silinda tatu tu. Lakini Mbeya si Dar. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Pakia watu wanne na gunia la viazi, panda kutoka Uyole kuelekea Tukuyu: Passo inashusha gia, inalia, unakanyaga hadi chini, na ile nafuu yote inayeyuka. IST inapanda bila kukamuliwa. Kwa safari za hivyo, mimi nachukua IST.

Ukishuka mlima Kitonga kule Iringa, usiweke N (gia huru) kwa gari lolote kati ya haya. Ni hatari, breki zinachemka, na wala hubani kitu: ukiachia pedeli ukiwa kwenye gia, injini inafunga petroli yenyewe, kwenye N inaendelea kunywa.

Na usipime ulaji wa mafuta kwa mshale wa dashibodi. Jaza hadi pampu ijikate, rudisha kilomita kwenye sifuri, tembea, jaza tena: kilomita 260 kwa lita 20 ni 13 kwa lita.