Huduma ya Chakula na Uangalizi wa Wazee Nkuhungu: Maoni Baada ya Miezi Minane

Baba yangu ana miaka 81, mama ana miaka 76, na wote wawili wamekataa katakata kuhamia kwangu Dar es Salaam. Nyumba yao ipo Nkuhungu, jijini Dodoma, na wanaijua kila kona hata umeme ukikatika. Tangu treni ya umeme ianze safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nafika kwao kwa muda mfupi zaidi kuliko nilipokuwa nikishinda ndani ya basi, lakini mtu anayefika mara moja kwa mwezi hawezi kujua kama wazazi wamekula Jumanne mchana. Ndipo jirani yao aliponikutanisha na mama lishe wa mtaa wa pili ambaye, akisaidiwa na mabinti wawili, huwapikia wazee kadhaa na kuwapelekea chakula majumbani. Simtaji jina kwa sababu hajaniruhusu.

Tulikubaliana shilingi 12,000 kwa siku kwa wazee wote wawili, Jumatatu hadi Jumamosi, nami hulipa kwa simu kila wiki. Binti huja mchana na jioni na hotipoti, huwapakulia, hukaa nao mpaka wamalize, huosha vyombo, na siku za mgao wa maji huhakikisha ndoo zimejaa.

Mwezi wa kwanza sikuridhika na chakula. Ulikuwa wali na nyama ya kukaanga karibu kila siku, mafuta mengi na chumvi iliyokolea, ilhali baba ana shinikizo la damu na mama ana kisukari. Nilipoeleza hayo, mama lishe hakununa. Alikwenda mwenyewe, akaketi jikoni na mama yangu, akamwuliza wamezoea kula nini. Kesho yake uliletwa ugali wa uwele, mlenda wa kukausha kama ule ambao mama alikuwa akiuanika mwenyewe kwenye ungo, na kipande cha kuku wa kuchemsha. Ugali wa uwele nao ni wanga, kwa hiyo mama hupewa tonge la ukubwa wa ngumi yake, na mboga hujaza nusu ya sahani. Jioni ile baba aliniambia kwenye simu, "Nimemaliza chote." Nilikuwa sijayasikia maneno hayo kwa muda mrefu.

Hata hivyo, ninacholipia kwa moyo mweupe zaidi ni macho ya binti huyo. Kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni ametundika daftari dogo, na humo huandika walichokula na walichobakiza. Mwezi wa tatu aliandika kwa siku tatu mfululizo: "Babu kala mboga, nyama karudisha." Siku ya tatu alimwomba baba afungue kinywa, akaona jino la nyuma limevunjika na ufizi umevimba. Baba alikuwa amenificha, na kila nilipopiga simu alisema hajambo. Binti alimsindikiza hospitali, jino likang'olewa kwa bima ambayo nimewaandikisha wazazi kama wategemezi wangu, nami nikapata habari kamili jioni ileile.

Zipo kasoro mbili ambazo ni lazima nizieleze. Mvua za Januari zilipoharibu njia, chakula cha mchana kilifika saa tisa, na mama alikuwa ameshameza kidonge chake cha kushusha sukari. Alianza kutoka jasho na kutetemeka, akapona kwa sababu baba alimkorogea maji ya sukari haraka. Baada ya kumwuliza daktari wake, tumeweka utaratibu kwamba kidonge hakimezwi mpaka sahani iwe mezani, na kwenye kabati kuna unga wa uji wa akiba. Kasoro ya pili ni kwamba wiki moja aliletwa binti mgeni bila taarifa yoyote. Mama hakumfungulia geti, na nadhani alifanya sawa kabisa, kwa maana mzee aliye peke yake nyumbani hana njia nyingine ya kujikinga na mtu asiyemfahamu.

Kwa atakayetaka kupanga huduma kama hii, aanze kwa kuwauliza wazee wenyewe ni kazi gani hawataki kunyang'anywa. Mimi nilitaka milo yote iletwe, hata ya Jumapili. Mama akaniambia kwa upole kwamba mwanamke aliyewalisha watoto sita hawezi kuamka asubuhi akasubiri chai ya mlangoni. Basi kifungua kinywa ni chake, na Jumapili yote ni yake. Hupika taratibu, ameketi kwenye kigoda, na baba humsaidia kuchambua mboga.

Nimeshalipia hadi mwisho wa mwezi ujao. Kabla ya kuongeza muda, nimemwomba mama lishe kwamba binti yeyote mpya aje kwanza na yule wanayemfahamu, aamkie, akae, akaribishwe maji, ndipo siku nyingine aje peke yake. Amekubali, na binti wa pili atapelekwa kutambulishwa Jumatatu.