Kituo cha kutafutia mbwa makazi Dodoma: kizuri kwa mbwa mkubwa mwenye michezo, ila soma mkataba

Wateja wengi wanaofika hapa wanataka "mbwa mkali wa geti". Wakimwona chotara wa German Shepherd wa kilo 32, masikio wima, wanakuwa tayari kulipa papo hapo. Kituo kinawakatalia, na hilo ndilo jambo lake bora. Mbwa anayempokea mgeni na mpira mdomoni hafai ulinzi. Ukimfunga mnyororo ili "awe mkali", unapata mbwa mwoga anayeuma ovyo, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto wa nyumbani.

Kila mbwa hukaa siku 10 akipimwa kabla ya kutolewa. Hushikwa miguu na masikio, hupitiwa karibu akiwa anakula, kisha hupishanishwa na mbuzi akiwa kwenye kamba ya mita 2. Kipimo cha mbuzi si mbwembwe: ukikaa Nzuguni au Ihumwa, mbuzi wa jirani watapita mbele ya geti lako. Mbwa anayegeuka akiitwa amefaulu. Anayekaza macho na kuganda mwili hapelekwi kwenye mifugo, hata mteja akilalamika.

Tatizo kubwa la mbwa wa aina hii ni kurukia watu, na maelekezo ya kituo ni sahihi. Mgeuzie mgongo, kaa kimya, usimguse. Miguu yote minne ikigusa chini, msifie na umpe kipande cha chakula. Kumsukuma kwa goti au kumfokea, kwake ni mchezo unaendelea. Akitokea mjomba mmoja anayemruhusu kuruka "kwa kuwa ananipenda", kazi ya wiki nzima imeharibika.

Kwenye afya, omba kadi uisome mwenyewe: tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, namba ya toleo la dawa, mhuri wa daktari wa mifugo. Mfunue mdomo pia. Fizi nyeupe kwa mbwa aliyetoka mtaani huweza kuwa dalili ya homa ya kupe, na huyo anahitaji kupimwa damu kwanza. Kuhasi wanafanya wao kabla hajatoka.

Ukaguzi wa nyumba ni mkali, na unastahili kuwa hivyo. Wanataka ukuta wa futi 6 na wanapima uwazi chini ya geti, kwa sababu udongo wetu wa kichanga huchimbika upesi. Banda la mabati lisilo na kivuli hulikataa; Oktoba na Novemba hilo ni tanuri. Maji yasipungue lita 2 kwa siku, kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua akicheza. Swali wanalouliza ambalo wengine husahau ni kama uani kuna mzabibu. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hapa Dodoma mbwa anaziokota chini bila mtu kujua.

Sasa kasoro. Muda wa majaribio ni siku 7, nao hautoshi kabisa. Siku 3 za kwanza mbwa hujikunyata, na tabia yake halisi huanza kuonekana karibu wiki ya tatu, wakati mkataba umeshakufunga. Dai wiki 4 kwa maandishi, ukisisitiza wanakubali.

Ya pili ni kubwa zaidi: anayehojiwa ni mwenye nyumba peke yake. Kumbe mwenye nyumba yuko ofisini Mtumba tangu alfajiri, na mbwa anashinda na mlinzi na dada wa kazi. Dada akiwa anaogopa mbwa, au mlinzi akiwa hataki kuguswa na mate yake kwa sababu ya swala, hayo yajulikane kabla ya kusaini. Mbwa wengi wanaorudishwa wanarudishwa kwa sababu hiyo.

Usafirishaji nao hupangwa saa sita mchana, kwenye pikapu ya wazi. Kataa, omba alfajiri. Akifika, mwache na kamba mwilini wiki ya kwanza hata ndani ya ukuta, na geti lifunguliwe akiwa ameshikwa.

Ukienda kuchagua, nenda na mlinzi wako, na mfike kabla ya saa mbili asubuhi. Jua likishapanda mbwa wote wamelala kivulini, na hata yule mtundu kuliko wote ataonekana mzee mwenye busara.