Chur hadi Tirano kwa treni ya kawaida: ile ya vioo iache ipite

Nianze na hukumu kwa wenye haraka zao. Ukienda kupanda reli ya Albula na Bernina kule Uswisi, panda treni ya kawaida ya kila saa, ile wanayopanda wenyeji na watoto wa shule na mabegi yao. Ile ya watalii yenye vioo vinavyopanda mpaka kwenye paa ni nzuri, sibishi, na nimeipanda pia. Ila nilichokifuata, yaani kupoa, nilikipata kwenye hii ya kawaida.

Kazi yangu ni kupanga ratiba za malori. Kutwa naulizwa lori limefika wapi, litashusha saa ngapi, kwa nini limechelewa dakika arobaini. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka ufukweni kupumzika, siku ya pili utamkuta anahesabu mawimbi. Dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeniambia, "Mdogo wangu, wewe kukaa ukatulia huwezi. Labda ukae ndani ya kitu kinachokwenda." Tukaenda, mwishoni mwa Septemba.

Njia yenyewe inaanzia Chur na kuishia Tirano, mji wa Italia ulio karibu kabisa na mpaka. Huhesabiwa mahandaki 55 na madaraja 196. Reli ni ya mita moja, upana uleule wa reli yetu ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, na kipande cha kutoka Thusis mpaka Tirano kimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Kwa treni ya kawaida unabadilisha St. Moritz. Kutoka hapo mpaka Tirano ni kilomita 61, na treni inatumia zaidi ya saa mbili. Dereva wangu akitumia muda huo kwa kilomita 61 za lami, kesho yake anaandika maelezo.

Tofauti ya treni hizi mbili inaanzia kwenye tiketi. Ya vioo lazima uwe umeshika kiti mapema na ulipie nyongeza ya kiti hicho juu ya nauli. Ya kawaida unapanda tu, na ukishuka njiani unangoja inayofuata kwa tiketi ileile. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliona ni jambo la kuokoa hela. Sikujua kwamba ndiyo safari yenyewe.

Daraja la Landwasser, karibu na Filisur, ndilo linalopamba kalenda zote. Matao sita ya mawe, urefu wa kwenda juu mita 65, limepinda kama mundu, na mwisho wake linaingia moja kwa moja kwenye tundu la jabali. Kwenye treni ya vioo maelezo hutangulia, kisha behewa zima huinuka kwa mpigo, simu juu, na picha yangu nzuri kuliko zote ikatoka na uakisi wa koti jekundu la mama mmoja aliyekuwa upande wa pili. Kwenye treni ya kawaida tulipata dirisha linalofunguka (si yote yanafunguka, yatafute), dada akalishusha, tukasikia mlio wa magurudumu ukibadilika pale mawe yalipoanza. Kijana wa shule aliyekaa mbele yetu hakuinua hata kichwa. Daraja hili kwake ni njia ya kwenda nyumbani. Sijui kwa nini, lakini kutojali kwake kulinituliza kuliko maelezo yote ya kwenye spika.

Baada ya Bergün ndipo mambo yanapokolea. Kutoka kijiji hicho hadi Preda, kama ungekuwa ndege, ni kilomita tano na nusu hivi, lakini Preda iko juu zaidi kwa mita mia nne na ushei. Treni haiwezi kuparamia ukuta wa namna hiyo. Basi wajenzi, waliofungua njia hii mwaka 1903, waliirefusha reli ikawa kama kilomita kumi na mbili, wakaizungusha ndani ya mlima, wakaitoa, wakaivusha bonde, wakaizungusha tena. Unaingia handakini kijiji kikiwa kushoto, unatoka kiko kulia, na kimeshuka chini kidogo. Mnara wa kanisa nimeuona mara nne au tano. Mwanzoni nilikuwa na ramani ya simu mkononi nikifuata ile nukta ya buluu. Nukta ilipoanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, nikaizima. Tangu hapo sikumuuliza dada tumefika wapi, na yeye aliligundua hilo kabla yangu.

Ukitoka St. Moritz ni reli nyingine kwa tabia, ingawa upana ni uleule. Hii ya Bernina ilikamilika 1910, na inapanda mpaka mita saba kwa kila mita mia bila reli ya meno, magurudumu ya chuma juu ya chuma tu. Ukikaa karibu na mbele unaisikia ikijikaza. Kileleni, Ospizio Bernina, uko mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, na hapo kuna jambo ambalo kwenye treni ya vioo lilinipita kwa sababu nilikuwa napanga picha. Kuna ziwa dogo jeusi, Lej Nair, na mara baada yake ziwa kubwa jeupe-jeupe, Lago Bianco, lenye weupe wa vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu. Maji ya lile jeusi huishia Bahari Nyeusi, kwa mto Inn na kisha Danube. Ya lile jeupe huteremkia Italia mpaka Adriatiki. Maziwa mawili jirani kabisa, na kila moja lina safari yake. Dada alinieleza haya kwa sauti ya darasani, na mzee wa Kijerumani aliyekuwa jirani akatikisa kichwa kukubali, sijui aliielewa lugha gani.

Kituo kinachofuata kwa umuhimu ni Alp Grüm, na hapa ndipo ninapowasihi mshuke. Treni ya vioo nayo husimama, lakini kidogo tu, watu wanatoka, wanapiga picha, wanarudi mbio. Sisi tuliiacha treni yetu iende. Barabara ya gari haifiki pale, ni reli au miguu yako. Treni ikikata kona ya kwanza kuteremka, kinachobaki ni upepo, maji yanayoanguka mbali, na mto wa barafu wa Palü umening'inia ng'ambo kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Dada alivua viatu akaagiza kahawa. Mimi niliangalia saa dakika ya kumi na mbili. Nilipoangalia tena ilikuwa dakika ya hamsini na moja, na nilikasirika kidogo kwamba treni inakuja.

Kasoro zipo. Ukikaa na dirisha wazi kule juu mwisho wa Septemba, masikio yanauma. Beba kofia hata kama Chur kuna jua. Ukianza St. Moritz katikati ya asubuhi, wenye makundi wamewahi madirisha yote, kwa hiyo amka. Kona ni nyingi, na anayeshikwa na kichefuchefu akae akitazama mbele. Tena vituo vingi vidogo treni haisimami mpaka ubonyeze kitufe. Mimi nilisimama mlangoni na begi mgongoni, kama mtu anayejua anachofanya, nikakitazama kituo changu kikipita. Tukashuka kinachofuata tukarudi kwa miguu, na dada hajamaliza kulisimulia hilo.

Mteremko wa kutoka Alp Grüm hadi Poschiavo, zaidi ya mita elfu moja, sitauelezea sana. Masikio yanaziba, misonobari inaongezeka, hewa inapata joto. Le Prese treni inapita katikati ya barabara ya mji kama daladala, magari yanaipisha. Halafu Brusio, lile daraja la matao tisa linalozunguka duara zima uwanjani, treni ikapita chini ya tao la daraja ililotoka kulipita sasa hivi. Ukiwa behewa la nyuma unaziona tiketi za wenzako wa mbele, karibu. Kule Tirano ni mita 429 tu, na kabla ya stesheni treni inakatiza uwanja wa kanisa kuu, watu wamekaa vibarazani wala hawageuki.

Kwenda, kaeni upande wa kulia. Daraja la Landwasser na Lago Bianco vyote viko huko. Kurudi, kushoto. Sisi tulirudi jioni ileile, na dada akashuka tena Alp Grüm bila hata kuniuliza.