Huduma ya kuhamisha vyombo, Sinza mpaka Kibada: friji na mashine wanaweza, AC tafuta fundi wako

Hawa jamaa wa kuhamisha tuliowatumia kutoka Sinza kwenda Kibada kule Kigamboni jina siliweki, maana kuna sehemu nitawasifia na kuna sehemu nitawachana, sitaki ionekane natangaza biashara ya mtu wala nina bifu na mtu. Na huduma hizi Dar sasa hivi zimejaa, zote zinafanana fanana tu, wanakuja kukagua, wanafunga wenyewe, wanabeba, wanakupangia. Kwahiyo hata ukipata wengine haya maswali utawauliza hayohayo.

Bei kwanza. Laki nne na nusu, nyumba ya vyumba viwili na sebule, Canter moja, vijana wa kubeba na msimamizi wao. Canter ya kuita pale kijiweni ingekua chini ya nusu ya hiyo, na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ndo kabisa, kwahiyo mume wangu aliona tunaibiwa mchana kweupe. Mi nikamwambia baba, vijana wa kijiweni wana nguvu balaa, kabati la mninga wanalipandisha gorofa ya tatu wanacheka, ila mwambie aiandae friji uone atakavyokuangalia. Atakuuliza tu "naishika wapi?" Vitu vya umeme vingi vinaharibikia kabla hata gari haijawashwa, na hapo ndo hela yetu ilipoenda, kwenye kuandaa. Kubeba hata wapwa zangu wangebeba.

Msimamizi alikuja siku kadhaa kabla, kaka mmoja mtu mzima kidogo, mpole, anaongea taratibu. Hakuanza na habari za una maboksi mangapi. Alienda moja kwa moja nyuma ya friji, akainama na tochi ya simu.

"Dada, kuna trei ya maji huku chini juu ya mota, mshawahi kuimwaga?"

Nani ana muda huo jamani. Akaitoa, maji yana rangi ya chai ya rangi na mende wawili ndani, akaniambia hii ingemwagikia kwenye nyaya njiani. Alafu akatoa maagizo: zima jana yake asubuhi, milango wazi, tambara chini, barafu iyeyuke yenyewe, usiichokonoe na kisu. Hii ya kisu mjue sio utani, ukitoboa ule ukuta wa friza gesi yote inatoka hapohapo na fundi atakwambia bora ununue nyingine. Samaki na nyama kula kabla au mpelekee jirani, sisi vilivyobaki tuliweka na barafu kwenye lile boksi la ubaridi la kubebea soda. Ukishakausha usifunge milango ukaiacha hivo usiku mzima, joto la Dar na unyevu huu asubuhi unakuta harufu na ukungu kwenye mpira wa mlango.

Jambo la pili alilosisitiza ni friji isimame njia nzima. Kule kwenye mota kuna oili, ukiilaza oili inatembea inaingia kwenye mabomba ya gesi, alafu ukifika ukawasha fasta mota inazunguka kavu au bomba linaziba. Vijana wa kijiweni kuilaza chali ni kawaida kabisa maana inakaa vizuri na juu yake wanapanga magodoro. Kama hamna namna lazima ilazwe, basi ilazwe ubavu, na ukifika isimame muda mrefu kabla ya kuwasha, hata siku nzima. Ikisafiri wima, masaa machache yanatosha. Yetu ilisimama, imefungwa kamba kwenye ubavu wa bodi, blanketi limezungushwa, na milango wameifunga kwa ile nailoni nyembamba ya kuzungushia, hawakutumia selotepu. Selotepu inaacha gundi ile nyeusi inashika vumbi mpaka unakufa.

Sasa mashine ya kufulia, hapa ndo niliwavulia kofia. Yetu ni ile ya mlango wa mbele. Zile zinapotoka dukani huwa na bolti ndefu nyuma, tatu au nne kutegemea na mashine, zinashikilia dramu isicheze wakati wa safari, maana mle ndani dramu imening'inia tu kwenye springi na shokapu. Fundi akija kukufungia mara ya kwanza anazitoa, anakwambia "hizi tunza", na kwenye nyumba nyingi za Dar zinaishia kwenye droo ya jikoni pamoja na funguo zisizojulikana za wapi. Zetu zilikuwepo, nilizifunga kwenye mfuko pamoja na karatasi ya waranti. Kijana mmoja akaja na bolti zake za duka la vifaa akasema dada hizi nazo zinaingia, kaka msimamizi akamkatalia palepale, zikiwa fupi hazishiki kitu na zikiwa ndefu unatoboa dramu yenyewe. Nilipenda hivo, hakubishana sana, alimnyang'anya tu akaweka mfukoni.

Alafu akafungua kile kimlango kidogo cha chini mbele, akaweka sinia. Maji yakatoka mengi kuliko nilivotegemea, meusi, yananuka, na baada ya maji vikatoka sarafu za mia mbili, kifungo cha shati la shule, pini ya hijabu na kipande cha soksi. Watoto walishangilia kama wameokota hazina. Mpira wa kuingiza maji nao wakauchomoa wakaumwaga, wakaufunga ncha kwa mfuko wa plastiki. Kibada walipofika, kitu cha kwanza kabla ya kuchomeka umeme wakatoa zile bolti, maana ukisahau ukawasha na bolti zake mashine itatembea yenyewe mpaka sebuleni.

Ila pima maji hawakuwa nayo. Kampuni ya laki nne na nusu haina pima maji! Wakaisawazisha kwa macho, ikapiga kelele wakati wa kukamua, mume wangu akapakua programu ya simu akazungusha miguu yake mwenyewe ikatulia.

Tv walikua vizuri, boksi lake la dukani tulikua nalo (usitupe boksi la tv, narudia, usitupe), likasimamishwa wima katikati ya godoro na kabati, lakini godoro halikulalia kioo. Watu wengi wanaibana tv kati ya magodoro mawili wakidhani ndo usalama, kumbe ni ule mgandamizo unaovunja kioo cha ndani, nje huoni kitu ukiwasha unakuta mstari. Skrubu za ukutani zikawekwa kwenye mfuko zikabandikwa nyuma ya breketi lake la chuma na kwa kalamu ikaandikwa TV. Kila kitu walichofungua walifanya hivo, kitanda, meza, dressing table. Kioo cha dressing table walikitoa kikasafiri peke yake wima.

Nikiri niliwapima kwa cherehani. Ni ya bibi mzaa mama, ya kukanyaga, kichwa cha chuma kizito na meza ya mbao ambayo imeshaanza kulegea. Nilikua nimejiandaa kugomba. Kaka akaomba kwanza mkanda wa ngozi utolewe, alafu akalegeza zile skrubu mbili za bawaba, kichwa kikatoka, kikafungwa kwenye shuka langu la zamani kikawekwa mbele kwa dereva, chini kwenye miguu. Akasema kichwa kikibaki kwenye meza, shimo la kwanza tu mbao inapasuka. Mama alikuwepo, akamwambia "mwanangu, umefunzwa." Akajibu "marahaba mama" wakati hajaamkiwa, tukacheka.

Gesi walikataa kuweka ndani ya bodi, na wako sahihi. Tuna mtungi wa kilo 15 na ule mdogo wa kilo 6, walitaka valvu ifungwe, regyuleta itolewe, mtungi usimame, na gari lao lilikua la kufunikwa nyuma kwahiyo wakasema usafirishe kwenye gari ya wazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja kwenye bodi iliyofungwa inatulia chini inasubiri mtu awashe kitu. Tatizo langu ni kwamba haya walisema asubuhi ya kuhama wakati siku ya ukaguzi mitungi waliiona jikoni kwa macho yao. Ikabidi nitafute kirikuu ya wazi haraka haraka, hela nyingine hiyo. Ukifika funga regyuleta, paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanakua usiwashe.

Haya tuje kwenye AC, hapa nawachana. Walisema "tunatoa na kufunga AC" kumbe wanaita fundi wa nje. Kutoa hakukua na shida, kijana alijua, akawasha AC kwenye baridi, akafunga valvu ya bomba jembamba, gesi ikarudi yote kwenye mashine ya nje, akafunga na lile nene akazima chap. Mabomba akaziba ncha na tepu vumbi lisiingie. Safi. Kwenye kufunga sasa, nikamuuliza huyo fundi vakyumu pampu, ile ya kunyonya hewa kwenye mabomba, iko wapi, akasema "dada hii tunatoa hewa kwa gesi yake yenyewe, haina shida". Ina shida. Hewa na unyevu vikibaki kwenye bomba AC inapooza vibaya na kompresa inachoka mapema, na gesi yenyewe unaipunguza kwa kuipuliza nje. Nikagoma, fundi akanuna, AC ikakaa ukutani bila kuwashwa mpaka nikamleta fundi wangu wa siku zote akaja na pampu yake, nikamlipa tena. Kwahiyo ile "na AC" kwenye bei yao ifute, waambie wapunguze.

Na daraja. Mkihamia Kigamboni ulizeni tozo ya daraja la Nyerere nani analipa, kwenda na kurudi, maana kwenye makubaliano hatukuandika na dereva alisimama kabla ya geti akapiga simu "mama, ya darajani vipi?" Hela yenyewe sio ya kugombana, ni ile tabia. Barabara ya Mandela ilikua imejaa malori ya bandarini kama kawaida, tulitoka asubuhi tukafika mchana mkali, na njia ya ndani ya Kibada ina mchanga, Canter ikazama karibu na kwetu, vijana wakashuka wakasukuma na majirani wapya wakaja kusaidia. Hapo hawakulalamika wala hawakuomba nyongeza, nawapa maua yao.

Friji wakaiweka mbali kidogo na ukuta ipumue, tukaiacha mpaka jioni, ikachomekwa kwenye friji gadi, kile kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, maana umeme wa mtaa mpya hujui tabia zake, ikasubiri zile dakika zake ikawaka, asubuhi barafu ipo. Mashine inafua. Tv haina mstari. Kilichovunjika ni sahani ya kioo ya maikrowevu, waliiacha mlemle ndani badala ya kuitoa na kuifunga pembeni, na kwa watu waliokagua mpaka trei ya friji hii ilinishangaza. Waliilipa bila ubishi, ila nilisubiri mwezi.

Kwa ujumla wao nawapa saba kwa kumi. Ningewatumia tena kwa friji, mashine, tv na vitu vya mbao, AC hapana. Kama unawatafuta watu wa aina hii epuka mwisho wa mwezi na jumamosi, Dar nzima inahama siku hizo na bei inapanda, sisi tulienda jumanne katikati ya mwezi na wakapunguza elfu hamsini kutoka laki tano waliyoanza nayo. Na makubaliano yaandikwe hata kwenye meseji tu: gesi nani anabeba, daraja nani analipa, AC inafungwa na pampu au bila pampu.